Mnono wa Nguzo za Chuma

Paukwa, wanangu.
— Pakawa, bibi.
Pakawa na nini?
— Pakawa na maji.
Na ndani ya maji?
— Mna mdomo.
Mdomo wa nani? Haya, sogeeni. Mwenye miguu mirefu aikunje, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, niwape mdomo na mwenye mdomo wake.

Hapo kale, si kale sana, kale ya juzi tu, palikuwa na Mwamba. Si jabali hili kavu mnalojikwaa mkienda kisimani. Mwamba wa baharini, wa matumbawe, unaoota kama mti na kufuga samaki kama ua linavyofuga kuku. Tasi walikuwapo wakila majani. Pono walikuwapo wakitafuna mawe, karacha, karacha. Changu walikuwapo, na vitatange wanaotembea wawili wawili kama maharusi wa jana. Na katikati ya Mwamba palikuwa na upenyo mmoja, ukiitwa Mlango. Maji yakijaa, samaki wote hupita Mlangoni kwenda malishoni. Maji yakitoka, wote hupita Mlangoni kurudi. Njia nyingine hakuna.

Na Mlangoni pale, ndani ya pango, alikaa nani? Alikaa Chewa.

Chewa mkubwa, mdomo kama kapu la sokoni. Samaki wakienda, yeye hufungua mdomo. Gwap. Samaki wakirudi, yeye hufungua mdomo. Gwap. Hafukuzi mtu, hahangaiki, amelala tu juu ya mchanga wake. Na ule mchanga, kwa kulaliwa miaka nenda miaka rudi, ulikuwa umeshika umbo lake, umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Hata akitoka kidogo kujinyoosha, ungedhani bado amelala pale.

Shibe alikuwa nayo. Alichokosa ni raha, kwa sababu ya wivu. Chewa hali majani, hajawahi kula majani, lakini akimwona tasi anatafuna majani kwa furaha, roho inamuuma. Alikuwa na pango kubwa kuliko mapango yote, lakini akimwona kaa ametulia ndani ya kitundu chake, husema, huyu kaa ana nini mle ndani kinachomfanya atulie hivyo? Mtu wa namna hiyo mmeshamwona. Msimtaje jina, mama yake yuko hapo nje anapeta mchele.

Sasa, pale Mwambani zilikuwapo desturi mbili, na mzishike zote mbili, maana hadithi imekaa juu yake.

Desturi ya kwanza ni ya kinyozi. Kulikuwa na kisamaki kimoja chembamba, kirefu kama kijiti cha kiberiti, kina mstari mweusi ubavuni. Jina lake Kichokoo. Kazi yake kusafisha wenzake. Ukiwa na chawa kwenye magamba, unakwenda kwa Kichokoo. Ukiwa na nyama iliyonasa kwenye jino, unakwenda kwa Kichokoo. Unapanga foleni, zamu yako ikifika unatulia, unafungua mdomo, na Kichokoo anaingia humo humo mdomoni na kuchokoa. Choko, choko, choko. Na mwiko ni huu: aliye kwenye kiti cha kinyozi hafumbi mdomo. Awe papa, awe mkunga mwenye mwili wa nyoka, awe na njaa ya wiki, mdomo unabaki wazi mpaka kinyozi atoke.

Desturi ya pili ni ya mapango. Bamvua linapokuja, maji yale makubwa ya mwezi mpevu, mkondo hupita Mlangoni kwa nguvu ya kung'oa mizizi. Aliyejaa pangoni mwake hatikisiki. Aliye mdogo kuliko pango lake, maji humchomoa kama kokwa ya tende. Basi kila bamvua Kaa Mzee hupita pango hadi pango, anagonga, ko, ko, ko, anauliza, umejaa? Unajibu, nimejaa. Yeye haamini maneno. Anapitisha gando lake kati ya ubavu wako na ukuta. Gando likikwama, pango ni lako. Gando likipita, unahama, anaingia anayelijaza. Hakuna kubishana. Jaza au hama. Na kwa Chewa, gando la Kaa Mzee halikuwahi hata kupata mahali pa kuingilia.

Basi siku moja wakaja binadamu. Wakaja na meli pana, wakaanza kushindilia miguu ya chuma baharini, mbali kule kwenye kina, ng'ambo ya Mwamba. Du. Du. Du. Samaki walikimbia mpaka pono wakasahau kutafuna. Wanasema walikuwa wanatafuta mafuta. Mimi mafuta ninayoyajua ni ya nazi na ya ufuta, na yote hayo yanapatikana nchi kavu, lakini mie sikusoma, labda ndiyo maana. Wakajenga juu yake nyumba, wakaweka mtambo, ngrrr mchana kutwa, na samaki wakapaita mahali pale Nguzoni.

Mwanzo hakuna aliyekwenda. Chuma kitupu, nani akale chuma? Lakini bahari haiachi kitu uchi. Zikaja kombe na magamba yao, zikang'ang'ania kwenye nguzo. Yakaja majani yakaota juu ya kombe. Wakaja tasi wakala majani. Wakaja dagaa wakajificha kivulini. Na kitu kingine: wavuvi wakisogea pale, walinzi huwafokea kwa kipaza sauti, ondoka, ondoka, hapa hapavuliwi. Basi Nguzoni pakawa hapana nyavu, hapana mishipi, na la tamu kuliko yote, hapana Mlango wala mdomo wa Mlangoni. Samaki wakaambizana. Leo anahama huyu, kesho anahama yule.

Chewa akaanza kuona. Wanapita wachache. Akafungua mdomo, gwap, akafumba na maji matupu.

Wa kumpa habari alikuwa Kolekole. Kolekole hana pango, hana kwao, anazurura bahari nzima na kila alichokiona anakisema, hata kisichokuwa na faida. Akapita kwa mbali, mbali ya kutosha, akamwambia Chewa kwamba Nguzoni sasa ni kama harusini, samaki wamefunika nguzo, tasi wana vitambi.

Eh. Ungemwona Chewa. Mapezi yalimsimama.

"Vitambi?" akauliza. Sauti hii ya Chewa niliachiwa na marehemu shangazi yangu Mwanaharusi, alikuwa akiisema ameweka mdomo kwenye mtungi mtupu, nasi tunakimbilia nyuma ya pazia. "Wana vitambi, na hawakunona hapa kwangu?"

"Kwako walikuwa wananonea wapi, bwana?" akasema Kolekole, akaenda zake.

Chewa akamwita Kichokoo. Akamwambia, wale samaki wa Nguzoni ni wangu. Wamezaliwa Mwambani kwangu, wameibwa na kile chuma. Wewe unawajua wote, umewachokoa meno wote. Nenda ukawarudishe. Bamvua lijalo likinikuta sijawaona, siku hiyo utakapokuwa mdomoni mwangu, nitafumba.

Kichokoo akamkumbusha mwiko wa kiti.

"Mwiko," akasema Chewa, "ni wa wenye shibe."

Hapo Kichokoo akajua maisha yake yamebaki marefu kama mwezi kupevuka, basi. Akimkimbia Chewa, ataacha kiti chake, kiti cha mama yake na bibi yake. Asipokimbia, gwap.

Kwanza akajaribu ukweli. Mtu mwerevu huanza na ukweli, ukikataa ndipo hutafuta kitu kingine. Akaogelea mpaka Nguzoni, akauliza. Tasi mmoja akamwambia, mimi ni wa Mwambani, ndiyo, nimehama, na sirudi ng'o. Mwingine, mdogo, akamshangaa, akasema, Mwamba ni nini? Mimi nimezaliwa hapa kwenye kombe za mguu huu, na mama yangu ni huyu. Wengine wamehamia, wengine ni wa hapo hapo, wamechanganyika hata wenyewe hawajijui. Na wote, wa kuja na wa kuzaliwa, walikuwa wachafu, maana Nguzoni kulikuwa na kila kitu isipokuwa kinyozi. Walipomwona Kichokoo wakapanga foleni pale pale. Akawachokoa kidogo, choko, choko, akarudi Mwambani.

Akamweleza Chewa ukweli, kwamba si wote walioibwa, wengine wamezaliwa kule.

"Kuzaliwa bila mimi kujua," akasema Chewa, "huo pia ni wizi."

Haya. Ukweli ukawa umekataa.

Kichokoo akatulia, akafikiri. Akasema moyoni, huyu bwana simwezi kwa mapezi wala kwa meno. Ana kitu kimoja tu chenye nguvu kumzidi yeye mwenyewe, nacho ni wivu wake. Wacha tuone utamfikisha wapi.

Zamu ya Chewa ilipofika, akakaa kitini, akafungua mdomo, aaa. Kichokoo akaingia. Choko, choko. Sasa mnajua vinyozi walivyo, wanangu. Wanaanza mazungumzo wakati wewe huwezi kujibu.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Kichokoo kutoka ndani, karibu na koromeo. "Kuna jambo la Nguzoni nilikuficha, kwa heshima yako."

"Aaa?" akasema Chewa. Maana yake, jambo gani?

"Hao samaki hawakuibwa na chuma. Chuma kina akili gani? Kuna chewa mwenzako kule."

"Aaa!" Maana yake, haiwezekani.

"Sikutaka kusema. Ila ni mnono, bwana. Mnono." Choko, choko. "Hili jino lako limelegea kidogo, lake nadhani ni zima."

"Aaaa." Hiyo sasa haikuwa na maana, ilikuwa ni maumivu, na si ya jino.

Mishi ananiuliza, bibi, kulikuwa na chewa mwingine? Mjukuu wangu, hakukuwa na hata mkia wa chewa. Chewa wa bahari ile alikuwa mmoja, huyu huyu mwenye kapu. Kichokoo alimzua mwingine kwa maneno, kama unavyozua wewe tumbo kuuma siku ya kuchota maji.

Kichokoo hajatoka vizuri mdomoni, Chewa ameshang'oka pangoni. Akamwambia Kichokoo, twende, nionyeshe. Kichokoo akajibanza nyuma ya shavu la Chewa, wakaondoka. Pwaa, pwaa, pwaa, mkia huo. Wivu mbele, Chewa nyuma.

Njia ni ndefu, na Chewa hakuzoea njia, alizoea kitanda. Akafika anahema. Akaanza kuzunguka nguzo kumtafuta mwenzake. Akapita hapa, akapita pale, akajipenyeza kati ya nguzo mbili, ubavu wake ukakwaruza kombe, kwaruu, zikabanduka zikaanguka. Hakugeuka hata kutazama. Tasi walipita mbele ya pua yake, na vitambi vyao hivyo vya kusifika, asiwaone. Macho yalikuwa yanatafuta chewa, yangeonaje tasi?

Naye Kichokoo, huku Chewa anazunguka, alikuwa upande wa pili wa nguzo, na foleni imempata tena. Choko, choko. Kazi ni kazi.

Chewa akaja. "Hayupo."

"Hayupo?" akasema Kichokoo. Akafikiri. "Basi, bwana, kama hayupo hapa, sijui. Pango lako umemwachia nani?"

Chewa mwenyewe akamalizia. Akageuka. Pwaa, pwaa, pwaa. Wivu mbele, Chewa nyuma.

Kufika Mwambani, pango tupu. Lakini samaki wa Mwambani, walipoona Mlango hauna mdomo, walikuwa wamepita wote kwenda malishoni, wameshiba, wamerudi, wametulia ndani ya vitundu vyao. Chewa akafungua mdomo, akasubiri. Maji matupu. Akamuuliza kikande, samaki jirani yake, kama kuna chewa aliyepita. Kikande, ambaye watoto wake siku hiyo walienda na kurudi wote, akasema kwa adabu kwamba yeye hakuona, lakini pia hakuwa akitazama.

Loo. Jibu gani hilo kwa mwenye wivu? Chewa hakulala. Asubuhi akasema, ameshakwenda Nguzoni tena, huyo. Pwaa, pwaa, pwaa.

Safari hii Kichokoo alimwongoza kati ya zile nguzo mbili, akasimama.

"Bwana mkubwa, tazama."

Chewa akatazama. Kwenye nguzo, katikati ya kombe na majani, palikuwa na alama. Pana, ndefu, chuma kimesuguliwa kinang'aa, upana wa ubavu wa chewa mkubwa.

"Hapa ndipo anapojisugua," akasema Kichokoo.

Chewa akaitazama ile alama kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa ni ubavu wake mwenyewe, wanangu, wa safari ile ya kwanza alipokwaruza. Lakini nani kati yetu anaujua ubavu wake? Jirani ndiye anayeuona. Akasogea, akajipima nayo. Alikuwa ameogelea, ameogelea, hajala. Alama ikamzidi kidogo.

"Ni mkubwa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Anakula vizuri," akasema Kichokoo.

Chewa akauliza anakula nini. Kichokoo akamwambia, yale yale unayokula wewe, ila yeye yanamkaa. Mwee, neno hilo lilimwingia Chewa kama mwiba wa samaki taa. Angesimama hapo hapo ale, angepona. Dagaa wamemzunguka kama mvua. Lakini alisema, nile halafu anikute nakula? Nile makombo yake? Siwezi. Akageuka.

Basi ikawa hivyo. Akiwa Mwambani, anaona mwenzake yuko Nguzoni ananona. Akiwa Nguzoni, anaona mwenzake yuko Mwambani amelala kitandani kwake. Pwaa, pwaa, pwaa, kwenda. Pwaa, pwaa, pwaa, kurudi. Wivu mbele, Chewa nyuma. Na kila akirudi kwenye ile alama, alama imezidi kuwa pana. Haikupanuka alama, mnaelewa. Ni yeye aliyekuwa akipungua.

Siku moja Kichokoo alimhurumia. Nasema kweli, hata mjanja ana ini. Walikuwa katikati ya njia, Chewa amesimama anapumua kwa shida, Kichokoo akamwambia, bwana, turudi, ule, nami nitakuambia jambo. Labda angemwambia. Chewa akamtazama kwa jicho moja, akasema, nikishampata huyo, nikamla, nikarudi kwangu, wewe ndiye utakuwa kitu cha kuchokolea meno halafu nikumeze. Maana samaki wangu sijawaona bado.

Basi Kichokoo akaimeza huruma yake, akajibanza nyuma ya shavu, shavu lenyewe sasa limeingia ndani.

Mwezi ukapevuka. Bamvua likaja.

Maji yalianza kuvuma Mlangoni, vuuu, na Chewa alikuwa Nguzoni. Kichokoo akamwambia, leo ni bamvua, kila mwenye pango yuko pangoni. Chewa akaruka. Alipita ile njia kama jani. Akafika Mwambani, akaingia pangoni, akaenda kulala kitandani kwake.

Akalala. Akageuka huku, mchanga ukabaki. Akageuka huku, mchanga ukabaki. Akajinyoosha mpaka mwisho, kitanda bado kinaendelea. Bonde lile lilikuwa pana na lenye kina, na yeye katikati yake anacheza kama punje ya mtama ndani ya kifuu.

Akanyanyuka taratibu. Akakitazama kile kitanda.

"Kichokoo," akasema. "Kuna mtu amelala hapa."

Kichokoo akaja, akatazama. "Naona."

"Ni yeye."

Kichokoo akakizunguka kitanda kama anayekipima.

"Mtazame alivyo mkubwa," akasema Chewa, na hata hasira haikuwamo tena, ulikuwa wivu mtupu, mweupe. "Tazama tumbo lake lilipokaa. Tazama mkia wake ulipofika. Amelala kwa raha, Kichokoo. Mtu wa kulala hivi hana linalomuuma."

Ko, ko, ko. Kaa Mzee huyo mlangoni.

"Umejaa?"

Chewa macho yake yako kitandani. Kaa Mzee akaingiza gando kati ya ubavu na ukuta. Likapita. Akaingiza gando la pili. Likapita. Akaingia mwenyewe, miguu yote, na gamba lake lote, akazunguka upande wa pili akatokea, akasimama. Tangu azaliwe hajawahi kuuona ukuta wa nyuma wa pango lile.

"Hujajaa," akasema Kaa Mzee.

"Najua," akasema Chewa. "Pango si langu. Ni la huyo aliyelala hapa." Akageuka kwa Kichokoo, akamuuliza polepole, "Ametoka saa ngapi?"

Na Kichokoo akasema neno la kweli, la kwanza tangu amzue yule chewa mwingine: "Aliyelala hapa, bwana, nimemwona akipungua kila siku. Ametoka kidogo kidogo."

Chewa hakusikia. Alikuwa ameshageuka kuelekea Nguzoni. Pwaa, pwaa. Bamvua likamchukua Mlangoni, vuuu, kichwa hicho kikubwa na mwili nyuma kama kamba ya mtumbwi, akaenda. Wivu mbele, Chewa nyuma. Na mpaka leo wavuvi wa kina wanasema humwona, huko katikati, kati ya Mwamba na Nguzo, anakwenda, anarudi. Kichwa chake hakikukonda, maana wivu unakaa kichwani, na wenyewe unakula.

Mlango ukabaki wazi. Pango waliingia vitatange na kikande na watoto wao, wakalijaza, gando likakwama. Maji yakijaa wanapita, yakitoka wanapita. Waliohamia Nguzoni wakaanza kuja Mwambani kusalimia, wa Mwambani wakawa wanakwenda Nguzoni kushinda, wengine wakaoana huko huko. Sasa ukiuliza samaki huyu ni wa Mwambani au wa Nguzoni, wanakutazama tu.

Naye Kichokoo? Alirudi kitini kwake. Foleni ikapangwa, kazi ikaendelea, choko, choko, na sifa zake zikavuma. Akakaa kama mfalme.

Mpaka siku moja akapita Kolekole, yule asiyekaa na neno. Akafungua mdomo achokolewe, akamaliza, akasema, umefanya vizuri, ndugu yangu. Ila yule kinyozi wa Nguzoni alikuwa hatari.

Kichokoo akasimama. "Kinyozi gani?"

"Humjui? Mwezi ule wa kuelekea bamvua, nilimwona mara kwa mara. Mwembamba, ana mstari ubavuni. Foleni yake ilizunguka nguzo nzima, samaki wanasukumana. Wenyeji mpaka leo wanamtaja yeye tu."

"Ndefu kuliko yangu? Hiyo foleni?"

Kolekole akaitazama foleni ya Kichokoo, akaipima kwa jicho. "Sasa hii, ndugu yangu, ni foleni?"

Kichokoo akacheka. Akasema haimhusu. Akamwambia anayefuata akae, afungue mdomo. Akaingia, akachokoa jino moja mara tatu, jino ambalo halikuwa na kitu.

Maji yalipotoka, kiti kilikuwa kitupu. Waliomwona wanasema alipita Mlangoni akielekea kwenye kina, na kwamba alisema anakwenda kuangalia tu.

Mnacheka. Mishi hacheki, anafikiri. Mwacheni afikiri.

Haya, funzo. Kila ngano ina funzo, na mimi wa kwangu siwezi kuwanyima. Chewa angekaa na nyama zake kwenye meno, mdomo umefumbwa, nani angemwambia habari za chewa wa Nguzoni? Angekuwa na pango lake mpaka leo, na kitambi chake. Kwa hiyo funzo ni kwamba kusafisha meno kunamharibu mtu. Anayewaambia vingine ana nia mbaya na mapango yenu.

Ngano nimeitoa majini, na majini naitumbukiza, tubwi. Aliyelowa asinilaumu, aliyebaki mkavu alikuwa amelala.

Sasa mswaki uko pale kwenye kikombe. Mkasugue meno, mkalale. Na wewe, kitanda cha mwenzako kiache, si kikubwa kuliko chako.